Niliandika hadithi ya upanga wa kichawi, mtaa wetu Kariakoo ukamkimbia muuza visu

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa bado na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Yote haya yametokea, na sitaruka hata sehemu zinazonivua nguo mimi mwenyewe.

Baadhi yenu mliisoma ile hadithi fupi niliyoiweka jukwaa la simulizi. Kwa ambao hamkuisoma: mpiganaji anafika kwa mhunzi mchawi kutafuta upanga usioshindwa. Mhunzi ananoa upanga kwa damu, na hampi mtu mkononi. Anaulaza juu ya jiwe, anarudi nyuma, anasema, "Chukua mwenyewe." Ukiuokota tu, umekubali. Kila adui unayemuua, nyumbani kwako anakufa mtu mmoja. Mwisho jamaa anarudi mshindi, anapiga hodi, hakuna wa kumfungulia.

Giza tupu, najua. Niliipenda na bado naipenda.

Humu mlinipa komenti nzuri. "Kali sana mkuu." "Umeua hadi mtoto, huna huruma." Mmoja akaniambia nina mapepo, niombewe. Nikacheka.

Sasa mnifahamu kidogo. Nina digrii ya falsafa, na nauza vitambaa kwenye duka la shangazi yangu Kariakoo. Msicheke, nusu yenu mko hivyo hivyo. Tabia yangu ni kuuliza maswali. Shehe, mchungaji, mhadhiri, wote nimewachosha.

Siku ya tatu hadithi ikaingia kwenye grupu la wafanyabiashara wa mtaa wetu. Aliyeipeleka simjui mpaka leo. Nilijua asubuhi, pale Mangi wa duka la vyombo, jirani yetu, aliponiita kwa sauti ya kusikika hadi Msimbazi:

"Msomi! Kumbe na wewe umemwona!"

"Nimemwona nani, Mangi?"

"Acha hizo bwana. Bi Zena. Umemwandika vizuri sana. Sisi tulikuwa tunaogopa tu kusema."

Nikageuka kumtazama pale barazani.

Bi Zena anauza visu, mapanga na mikasi kwenye meza barazani, mbele ya duka letu. Mama mtu mzima, mjane. Ile meza ndiyo imesomesha wanawe na ndiyo inamlisha mpaka leo. Na ana jambo moja ambalo mtaa mzima unalijua: hakupi kisu mkononi. Anakilaza mezani, anavuta mkono wake, anasema, "Chukua mwenyewe, baba."

Miaka miwili nimemwona akifanya hivyo kila siku. Nilipofika kwa mhunzi wangu, kile kitendo kikaingia chenyewe kwenye hadithi. Hata sikujua nimeiba.

Wasomaji wa Kariakoo hawakuandika komenti. Waliacha kununua.

Sudi wa bucha, mteja wake wa miaka, alirudisha kisu alichokichukua wiki mbili nyuma. Amekifunga gazeti, kakiweka mezani, hamwangalii usoni.

"Mama, tangu nichukue hiki, mke wangu haamki kitandani, malaria haimwachi."

Mimi nikadakia: "Sudi, malaria inaletwa na mbu, hailetwi na kisu."

"Si wewe ndiye uliyeandika? Sasa unayakana maneno yako?"

Eti nayakana maneno yangu, wakuu. Mimi!

Wakati huo Mangi ameshamfuata mwenye jengo, anamwambia ile meza iondolewe barazani, inafukuza wateja.

Nikaingia kwenye grupu nikaandika ujumbe mrefu: hadithi ni ya kubuni, mhunzi hayupo, upanga haupo. Nikajibiwa, "Ungekuwa umebuni, ungejuaje anavyosema?" Wakaniambia niifute na niwaombe radhi. Radhi wao! Eti nimewatisha.

Pamoja na ubishi wangu wote, nikaamua kuifuta. Lakini kwanza nikaenda kwa Bi Zena.

"Shikamoo, Bi Zena."

"Marahaba. Karibu, mhunzi."

Binti yake alishamsomea yote, mwanzo mpaka mwisho. Nikaomba msamaha, akaniacha nijikanyage mpaka nikamaliza. Kisha akasema:

"Wewe si ndiye unayeuliza kila kitu mtaa huu? Mbona mimi hukuniuliza?"

Akafungua kiganja cha kulia. Kovu limetoka kwenye kidole gumba, limekatiza hadi upande wa pili. Zamani mteja mwenye haraka alishika mpini akavuta, na yeye bado kashika upande wa makali. Vidole viwili havikunji tena.

"Nikikupa mkononi kinaniponyoka. Kikikuangukia mguuni, hapo ndiyo mtaniita mchawi vizuri."

Nikamwambia naifuta hadithi leo leo.

"Thubutu! Ukifuta watasema ilikuwa kweli, umetishwa. Iache. Ila huyo mhunzi wako hajui kazi. Eti ananoa upanga kwa damu. Damu inaleta kutu! Andika jiwe na maji."

Wakuu, huyo ndiye msomaji bora niliyewahi kumpata.

Kesho yake mchana, mtaa umefurika, nikaenda mezani nikachagua panga kubwa kuliko yote. Bi Zena akalilaza, akavuta mkono, halafu akapaza sauti kama ananadi mitumba:

"Haya! Anayeokota kakubali mwenyewe!"

Nikaliokota, nikaliinua juu.

"Mangi! Kiganja cha Bi Zena umewahi kukiona? Njoo ukione!"

Mangi akajifanya anapanga masufuria. Aliyekuja ni Sudi. Aliliangalia lile kovu muda mrefu, na yule ni mtu wa bucha, jeraha la kisu halimdanganyi.

"Hapa mshipa ulikatika," akasema taratibu. "Mama, kile kisu changu bado kipo?"

Kilikuwepo, hata gazeti halijafunguliwa. Bi Zena akakilaza mezani.

Mwenye jengo alipita Ijumaa baada ya swala, akazungumza na Sudi, akaenda zake. Meza iko pale pale. Mangi bado anazunguka upande wa pili wa barabara asiipitie ile meza, na azunguke.

Somo langu linaniuma. Mangi alimtazama yule mama akaona mchawi. Mimi, mpinga uchawi, nilimtazama nikaona hadithi. Swali moja la "mama, mkono umefanyaje?" hakuna aliyeliuliza, na swali ndiyo kitu pekee ninachojisifia.

Hadithi sifuti. Nimebadilisha sentensi moja: mhunzi sasa ananoa kwa jiwe na maji, polepole, na inatisha zaidi ya mwanzo.

Mnaotaka niombewe, uwanja ni wenu, nitawajibu mmoja mmoja. Ila mkija Kariakoo mkahitaji kisu, ulizeni meza ya Bi Zena. Atakilaza mbele yenu.

Chukueni wenyewe.