Baba Hataki Ninyooshwe Mgongo, na Siwezi Kumchukia

Admin, jina langu lifiche na kijiji usikitaje. Ukisema ni huku kwenye miteremko ya Mlima Meru inatosha, maana huku tunajuana mpaka ng'ombe. Mimi ni msichana, nimetimiza miaka kumi na nane juzijuzi, nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani. Uti wangu wa mgongo umepinda. Sisemi umepinda kidogo. Ukiniangalia kwa nyuma unaona herufi S, na mbavu za kulia zimetuna kama nimeficha kitu ndani ya sweta.

Kupinda kulianza kuonekana niliposhonewa gauni la kipaimara. Fundi alipima, akashona, nikavaa, pindo likakaa juu upande mmoja. Akanigombeza, "Simama vizuri wewe, unaniharibia kazi!" Nilikuwa nimesimama vizuri. Nyumbani kila mtu akaja na sababu yake. Bibi alisema ni majani ya ng'ombe niliyokuwa nabeba, akamsema mama mpaka mama akalia, na tangu siku hiyo sijabeba hata kuni. Akawa ananichua na mafuta ya kondoo kila jioni, nikawa nanuka zizi darasani, na mgongo ukaendelea na safari yake. Baadaye daktari alituambia mzigo hauleti tatizo hili, huja lenyewe mtoto anaporefuka, na mara nyingi hakuna anayejua kwa nini. Bibi hajamwamini hadi leo. Shuleni waliniita Kona. Niliwajibu kwamba kona ndiyo huangusha magari, kwa hiyo wapite taratibu. Tukacheka wote, halafu nikaenda kulia chooni.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita tulipewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Daktari wa mifupa, mama mmoja mpole, alituonyesha picha ya eksirei, akaeleza kwamba watanifungua mgongo, wataweka vyuma viwili na skrubu, na kunyoosha kadiri uti utakavyokubali. Nilitamani wanilaze siku hiyohiyo. Baba akauliza swali moja tu: "Daktari, unaniahidi atatembea?"

Daktari akamwambia, "Baba, wengi wanatembea, tena vizuri. Wanaopooza ni wachache sana. Lakini kukuahidi, hapana, nitakuwa nakudanganya."

Baba akachukua kofia yake, akasimama. "Basi asante. Heri aliyepinda anayetembea kuliko aliyenyooka aliyelala." Hakusaini, na tukarudi nyumbani.

Najua wengine mmeshaanza kumtukana kwenye komenti. Subirini kwanza. Baba mdogo, yaani mdogo wake wa damu, alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika mgongo, hakusimama tena. Baba ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani miaka yote ili asipate vidonda. Vidonda vilimpata hata hivyo. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kupeleka maji ya uvuguvugu, na ile harufu bado naikumbuka. Baba mdogo alikufa akimwomba kaka yake msamaha kwa kumchosha. Mtu aliyepita hapo ukimwambia wanaopooza ni wachache sana, yeye anamjua mmoja na alimzika.

Lakini mgongo haukumsubiri baba apone. Siku hizi nikipanda kutoka barabarani hadi kwetu napumzika njiani mara kwa mara, na bibi ananipita na fimbo yake akinipa pole. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki na mama, wakanipulizisha kwenye mashine ya kupima mapafu. Yule daktari wa mifupa akasoma majibu, kisha akasema, "Mwanangu, kifua kinabana mapafu. Upasuaji sasa ni mgumu kuliko wakati ule na hatari imeongezeka. Tukisubiri tena, daktari wa usingizi atakataa kukulaza." Nikamuuliza, je, nisipofanyiwa kabisa? "Utazidi kuishiwa pumzi." Alisema nimeshakuwa mtu mzima, saini sasa ni yangu, nafasi ipo madaktari bingwa watakapokuja, nimpe jibu wiki hii.

Mama anasema atakubali nitakachoamua. Hilo si jibu, ni mtu amechoka. Mchungaji ameniombea vizuri, akasema Mungu ataonyesha njia. Mimi naona njia mbili na zote zinateremka.

Jana tukila loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando, nikajikaza. "Baba, nataka kusaini." Nilitegemea afoke. Alimaliza kula, akafuta mdomo, akasema, "Umekua. Sitakukataza." Nikalala nimefurahi kijinga.

Leo asubuhi nimeamshwa na nyundo. Baba alikuwa anabomoa ukuta pembeni mwa mlango wa chumba changu, vumbi limejaa mpaka kitandani. Nikasema, "Shikamoo baba. Unafanya nini?"

"Marahaba." Hakuniangalia. "Mlango wa mdogo wangu ulikuwa mwembamba, kiti cha magurudumu hakikupita. Alikaa ndani mpaka akafa hajaota jua. Wewe nataka upite."

Bora angenipiga. Mtu anayenipenda kuliko wote duniani ameshanihesabu kuwa sitatembea, na ananitengenezea pa kupita. Mikono yake imezeeka. Nikisaini mambo yakaharibika, ni mikono hiyohiyo itakayonigeuza, na atakapochoka sijui nani. Nisiposaini, ataniona nikikata pumzi taratibu mbele ya macho yake, na atasema angalau nilikuwa natembea.

Ndugu zangu, msiniambie niombe, naomba kila siku. Daktari anasubiri simu yangu, na ninavyoandika hapa bado nasikia matofali yakianguka. Nimjibu nini daktari? Na baba nimwambie neno gani aache kugonga?