Benigna wa Mfaranyaki na msako wa memori kadi za zamani

Saa tatu asubuhi, Mfaranyaki mjini Songea, bibi mmoja kutoka Mshangano anasimama mbele ya kibanda cha Benigna Ndunguru na kuanza kuimba. Haombi sadaka, wala hajachanganyikiwa. Ni mteja.

"Shikamoo mama. Hebu rudia hapo mwisho," anasema Benigna, sikio amelitega, mkono uko kwenye kompyuta.

"Marahaba, mwanangu. Hapo wanapoitikia 'twende, twende'. Waliupiga kwenye harusi ya mdogo wangu."

Punde spika inaitikia 'twende, twende', na bibi anaachia kigelegele kinachomshtua bodaboda aliyeegesha jirani.

Benigna, mwenye miaka 46, anaingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi za watu. Asiyejua jina la wimbo anauimba hapohapo dirishani. Wapo wenye sauti nzuri na wapo wanaoimba kama wamekabwa koo, na wote anawaelewa.

"Simu haiwezi kazi hii," anatamba. "Iambie unataka wimbo wa harusi ya mdogo wako uone. Itakuletea matangazo ya mashela."

Simu hiyohiyo, hata hivyo, ndiyo imemkondesha. Miaka ya nyuma, siku nzuri aliondoka na Sh40,000. Leo akipata Sh8,000 anashukuru Mungu. Vijana wa mjini wananunua bando, wanasikiliza wimbo wasioumiliki, na bando likikata na wimbo unakata. Waliomganda ni wanakwaya na wakulima wenye redio za kadi.

Hafichi kwamba nyimbo nyingi alizouza hakuwahi kuwalipa walioziimba. Mmoja wao, Fulgence Hyera wa Mshangano, alimfuata hapo kibandani mwaka 2012 akiwa na albamu yake mpya mkononi na hasira usoni. Alimwita mwizi wa jasho lake mbele ya wateja. Tangu siku hiyo, kila akipita Mfaranyaki alivuka kwenda upande wa pili wa barabara.

"Miaka kumi na kitu ananinunia," anasema Benigna. "Nami nikawa namnunia, wakati mwenye kosa ni mimi!"

Kichekesho ni kwamba naye aliibiwa. Vibanda vya jirani vilianza kunakili nyimbo zake na kuziuza kwa bei ya kutupa. Benigna akapandwa na mori. Mwaka 2014 alijirekodi akipiga kelele, "Benigna Myuziki, Mfaranyakiii! Usidanganywe!" kisha akaibandika sauti hiyo katikati ya kila wimbo, pale ambapo wimbo ulikuwa mtamu zaidi, ili mwizi ashindwe kuifuta. Nakala safi akazifuta zote kupata nafasi kwenye kompyuta.

Mwaka jana, mwezi Juni, Fulgence alivuka barabara kuja kibandani.

"Umeleta polisi?" Benigna alimuuliza.

"Nimeleta flashi," akajibu.

Studio aliyorekodia ilishafungwa na kompyuta yake ilikufa nayo. CD zake zimechubuka, hazisomi. Mkewe Getruda, aliyeimba kiitikio katika albamu nzima, alifariki miaka miwili iliyopita. Mtoto wao Egidi alitaka kuuweka mtandaoni wimbo mmoja walioupenda nyumbani, sauti ya mama isipotee. Mji mzima wa Songea, mwenye wimbo huo alikuwa mwizi peke yake.

Fulgence aliimba ubeti wa kwanza dirishani kama mteja mwingine yeyote, na Benigna akaupata wimbo kabla ubeti haujaisha.

Ukapigwa. Fulgence akafumba macho akingoja kiitikio. Getruda alipovuta pumzi kuanza tu, juu yake ikapasuka sauti ya Benigna: Benigna Myuziki, Mfaranyakiii!

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Benigna, na hacheki. "Yule mama ana sauti ya kubembeleza, na mimi nimemkalia juu nikipiga makelele. Kila kiitikio! Kaka Fulgence hata hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Tangu siku hiyo kila mteja aliulizwa swali moja: una memori kadi ya zamani, ya kabla ya 2014? Anayeileta anajaziwa mpya bure. Wakaleta zilizovunjika, zilizojaa picha za ubatizo, nyingine zikiwa na video ambazo Benigna alizifunga haraka na kumtazama mwenyewe usoni. Wimbo haukuwemo.

Novemba akafika Iddi Kawanga, mkulima wa korosho wa Nalasi wilayani Tunduru, ambaye kila akiuza mazao hupitia kwake.

"Ninayo ya zamani, mama Benigna, ila imo kwenye redio ya shambani," alisema Iddi. "Nawafukuzia ngedere. Nimejaribu nyimbo mpya, wallahi wanakaa wanasikiliza. Huyo bwana akianza kuimba, wanakimbia wote."

"Bwana gani?"

Iddi akaimba. Benigna alishika dirisha kwa mikono miwili.

Wiki tatu baadaye Iddi alirudi na redio nzima, imefungwa kwa kamba, ina vumbi la msimu mzima. Fulgence alipigiwa simu akafika kwa bodaboda, bado ana unga wa mashine ya kusaga anakofanya kazi kwenye nyusi. Alipoambiwa kwamba ngedere wa Nalasi wanamjua, alisema ni wengi kuliko walionunua albamu yake.

Benigna akauwasha wimbo, kisha kiitikio kikaingia. Getruda aliimba mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyemkatiza.

"Rudisha," alisema Fulgence.

Uliporudishwa, naye aliimba beti zake, na kila kilipofika kiitikio alinyamaza akamwachia mkewe. Machozi yalichora njia mbili kwenye unga. Benigna naye alilia waziwazi, na wateja wawili wakasubiri bila kulalamika.

Leo wimbo huo uko mtandaoni. Fulgence hupita kibandani karibu kila Jumamosi, na ndiye msanii wa kwanza kumruhusu Benigna kwa mdomo wake kuziuza nyimbo zake, kwa kugawana. Iddi alichukua redio na kadi yake akarudi Nalasi, maana ngedere hawangoji.

Benigna bado anasaka kadi. Anataka kila wimbo alioubandika tangazo aupatie nakala safi, kisha awafuate wenyewe mmoja mmoja wamruhusu au wamkatalie.

"Miaka yote hiyo nimewapigia watu kelele kwenye nyimbo zao," anasema, huku akimpisha mteja mwingine dirishani. "Sasa nataka nikae kimya, niwasikie. Haya baba, niimbie."