Kilemba Kilipofika Nusu

Siku hizi kiti cha mkubwa wa kijiji kikiwa kitupu, serikali huleta karatasi, karatasi ikasomwa, mtu akakaa. Wajukuu zangu wanadhani ndivyo ilivyokuwa tangu Adamu. Nimewaambia sivyo, wakacheka, na mmoja akaniambia, "Bibi, iandike basi." Naandika. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani sikukaa sana, mama alinitoa mapema nikatwange, lakini herufi ninazo, na nikikosea mahali msomaji atengeneze mwenyewe.

Sisi ni watu wa Mlingotini. Wakati ule bendera ilikuwa nyekundu, ya Sayyid wa Unguja, Wadachi hawajatia mguu. Bagamoyo mjini alikuwako liwali, lakini mambo ya watu yalikuwa mikononi mwa madiwani. Kila mahali na diwani wake, na wakikusanyika wote ndio baraza. Mkigombania mpaka wa shamba, mume akimkimbia mkewe, mbuzi akila mihogo ya watu, mnakwenda kwa diwani.

Diwani akifa, kiti chake hakiombwi. Hiyo ndiyo adabu ya kwanza: anayekiomba hapewi. Madiwani wenzake hukaa peke yao, wakaitazama nyumba ya marehemu, kwanza wanawe, kisha wana wa nduguze, wakamteua mmoja. Siku ikifika humleta kijijini, mkubwa wao humzungushia kilemba mbele ya watu, wanawake wakapiga vigelegele, siwa ikalia, ng'ombe akaliwa. Imekwisha. Ni diwani mpaka afe.

Nimesema wanawake wakapiga vigelegele, na msomaji ameruka kama asomaye habari ya pambo. Rudi. Siwa hailii kabla ya vigelegele. Ile pembe kubwa ilikuwa na mpigaji wake, kazi ya ukoo wao, na baba yake alimfundisha kungoja sauti zetu ndipo apulize. Kwa nini, hakuna aliyejua. Ndivyo tulivyopokea.

Sasa, diwani wetu alikufa kwa homa, masika inakwisha. Alikuwa mzee mwema, mvivu kidogo. Alipokufa nililia kwa ajili yake, kisha nikalia kwa ajili yangu, kwa sababu shauri langu lilikuwa limelala kwake.

Mume wangu alikuwa ametangulia mwaka uliopita. Aliniachia watoto watatu na shamba la minazi kandokando ya hori la bahari. Shemeji yangu, nduguye, akasema shamba lote alilipanda baba yao, basi ni lake yeye aliyebaki, na watoto wangu watapata chao "wakikua", neno lisilo na mwaka ndani yake. Akawa anaangua, anafua, mbata anapeleka mjini kwa Mhindi. Mimi kisamvu napika kwa maji na chumvi. Mtu wa pwani kupika bila tui, na minazi unaiona kutoka mlangoni kwako! Hiyo ni dhiki na tusi pamoja. Diwani aliniahidi atakwenda kuliona shamba kwa macho yake. Leo miguu, kesho mvua, keshokutwa tukamzika.

Na kiti kikiwa kitupu hapana shauri linalosikizwa. Shemeji alijua. Alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu na nazi begani, ananiamkia kwa adabu kubwa, "Sabalkheri, shemeji." Adabu yake ilinichoma kuliko matusi.

Eda ya mjane wa diwani ilipokaribia kwisha, habari ikaja kwamba madiwani wamemteua mwana wa ndugu wa marehemu. Mtu huyu hakuwa mbaya, nisije nikamsingizia. Alikuwa mcheshi, anajua kusema na watu. Lakini alikaa Bagamoyo. Alikuwa mwenyeji wa misafara, watu wa bara wakishuka na pembe za ndovu hufikia kwake, na uwanja wake umejaa wapagazi na mizigo. Kwetu alikuja kwenye maziko na kwenye maulidi. Na habari ile ilikuwa na mkia: mwenye shauri amfuate mjini.

Kumfuata mjini ni kwenda kwa miguu, upite Kaole, na kabla ya hapo ungoje maji yatoke upate kuvuka hori. Mwanamke mwenye watoto nyuma yake atafika jua la utosi, akae mlangoni pamoja na wapagazi, na pengine aambiwe bwana amelala. Haya, tuseme mimi nitakwenda, miguu ninayo. Minazi je? Minazi haiendi Bagamoyo kutoa ushahidi.

Asubuhi ya sherehe tulikuwa uani kwa marehemu, tunachagua mchele. Mkubwa wetu alikuwa shangazi wa diwani aliyekufa, bibi mkavu kama ng'onda, ambaye hata madiwani walimwogopa.

"Wameteua," akasema. "Sisi ni kupika na kushangilia."

"Kupika nitapika," nikasema.

Akainua macho kutoka kwenye ungo. "Na kushangilia?"

"Koo langu halikuulizwa, bibi."

Wenzangu wakaacha kuchagua. Ni lazima niseme hapa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikianza. Kigelegele changu kikitoka Mlingotini mbwa wa Kaole walikuwa wakibweka. Najisifu, ndiyo, mnataka anisifu nani? Mimi nikianza wote hufuata, na nisipoanza kila mmoja humtazama mwenziwe.

"Kwa hiyo unamkataa mjukuu wangu?" bibi akauliza.

"Simkatai. Namtaka hapa. Diwani wa mbali ni kama mwezi wa Ramadhani uliosikia umeandama kwa watu wengine."

Jirani yangu mmoja, mwanamke mnene mwenye mzaha, akasema, "Mimi mume wangu hunikimbia kila kaskazi. Nikimfuata diwani Bagamoyo kumshitaki, nikirudi nitamkuta keshaoa."

Tukacheka. Bibi hakucheka. Akapepeta, akapepeta, kisha akasema, "Watasema hatukulelewa." Halafu: "Nami miguu yangu Bagamoyo haifiki tena." Akaendelea na mchele wake.

Baada ya adhuhuri watu wakajaa mbele ya nyumba ya marehemu. Madiwani walikaa barazani kwa daraja zao, majoho na majambia. Mteule alikaa kati yao juu ya kiti kile, amevaa kanzu nyeupe, uso unang'aa. Khatibu akaomba dua. Mkubwa wa madiwani akasimama na kitambaa cha kilemba, kirefu, akaanza kuzungusha. Akaeleza: huyu ni wa nyumba fulani, babu yake fulani, tumemwona, tumemridhia. Alipofika nusu ya kitambaa akasimama kama desturi, akageuza uso upande wetu.

Kimya.

Mpiga siwa alikuwa keshajaza mashavu. Nusu ya kilemba kichwani kwa mtu, nusu mikononi mwa mzee, inaning'inia kama mkia. Kuku akalia nyuma ya nyumba. Mzee akakohoa.

"Wanawake!"

"Labeka," tukaitika.

"Mmekufa?"

"Wazima, bwana."

"Basi nini?"

Nilihisi macho ya wenzangu mgongoni kama moto wa jiko. Mpiga siwa akatoa pumzi taratibu, pembe ikafanya sauti ndogo ya aibu, na watoto wakacheka. Shemeji yangu alikuwa amesimama upande wa wanaume. Uso wake ulikuwa wa kwanza kuelewa. Nikajitokeza.

"Bwana, tumemridhia mtu," nikasema. "Hatujairidhia njia."

"Njia gani?"

"Ya Bagamoyo. Tumeambiwa mashauri yatasikizwa huko."

Diwani mmoja mnene akasema kwa hasira, "Tangu lini wanawake wakatia shuruti barazani?"

Bibi akamjibu akiwa ameketi, hata hakuinua kichwa. "Hawakutia shuruti, mwanangu. Wamenyamaza tu. Desturi gani inayokataza mwanamke kunyamaza? Ninyi si ndio mnaotuamrisha kila siku?"

Wanaume wakacheka, hata mzee wa kilemba akauma mdomo. Lakini alikuwa matatani, na sote tulijua. Kilemba kikishaanza hakifunguliwi. Kumfungua mtu kilemba cha udiwani ni kumzika mzima. Na kukimaliza bila vigelegele hakuna aliyewahi, wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Wali nao ulikuwa unashika ukoko; harufu ilifika barazani, nikamwona yule mnene akinusa.

Basi mteule mwenyewe akanyanyua mkono, akakishika kilemba chake kisimporomoke, akanitazama.

"Dada yangu," akasema, "unataka nini? Sema."

"Nataka ulale hapa."

Lo! Uwanja mzima ukalipuka. Mjane anamwambia mwanamume mbele ya madiwani alale hapa! Jirani yangu mnene alikaa chini kwa kicheko. Nikapiga kelele, "Kwake! Nyumbani kwa ami yake! Mashetani wakubwa ninyi!" Na yeye mteule, machozi yanamtoka, kilemba amekishika kwa mikono miwili.

Alipotulia akasema, "Mke wangu ni mtu wa mjini. Hali dagaa."

"Atajifunza," bibi akasema.

"Na misafara? Watu wa bara wakishuka wasinikute?"

Hapo nilimwonea huruma, kwa sababu alisema kweli. Ile ilikuwa riziki yake. Nikaona pia kwamba nikikaza sana kamba itakatika, tubaki na kiti kitupu na shemeji juu ya mnazi. Nikasema, "Hatukuambii uache riziki. Tupe siku zako. Siku ambazo mtu akitoka nyumbani kwake hapa anajua atakukuta."

Akafikiri. Alifikiri kweli, si kwa kujionyesha. "Nitakuja kila Alhamisi," akasema, "nilale, niswali Ijumaa na ninyi, na baada ya Ijumaa nisikilize mashauri mpaka yaishe. Jumamosi nirudi."

"Na masika hori likijaa?"

"Masika likijaa nitakuwa nimekwama huku, dada yangu, na mtanilisha dagaa."

Mzee wa kilemba akatutazama sisi, akawatazama wenzake. "Mmesikia?" akawauliza madiwani. Wakasema wamesikia. "Ni neno lake mbele ya baraza?" Wakasema ni neno lake. Akanigeukia mimi. "Sasa, mama. Kilemba kizito. Mikono yangu ya kizee."

Nikafungua kinywa.

Sitaki kueleza kigelegele kilivyotoka. Waliokuwapo wengi wamekufa, na waliobaki waulizwe. Siwa ililia juu yake na bado kilisikika.

Alhamisi ya kwanza tulingoja hatuamini. Alasiri akaja, kanzu ameikunja hadi magotini, miguu yote tope la hori, viatu mkononi. Ijumaa baada ya swala nilikuwa wa kwanza barazani. Shemeji naye alikuja, anusurike vipi? Akaeleza yake, nikaeleza yangu. Diwani akasema, "Sioni kitu hapa. Twendeni shambani."

Tukaenda, na nusu ya kijiji nyuma. Akatembea katikati ya minazi, anaigusa, akauliza jambo ambalo mzee wa zamani hakuliuliza: "Vitovu vya watoto hawa vilizikwa wapi?"

Kwetu mtoto akizaliwa kitovu chake huzikwa, na mnazi ukapandwa juu yake. Anayezika ni bibi mzaa baba. Wakamwita mama mkwe wangu, mama wa marehemu na wa shemeji pia, mwanamke aliyekuwa akila kwa shemeji na ambaye mwaka mzima hakusema, kwani hakuna aliyemuuliza. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mpaka shambani aliletwa ameshikwa huku na huku. Bagamoyo asingefika kamwe. Alisimama akamtazama mwanawe aliye hai kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha fimbo yake ya mkwaju.

"Ule wa mkubwa. Ule wa pili. Ule uliopinda, wa huyu mdogo. Mstari wote huo mpaka kwenye kichuguu aliupanda mwanangu aliyekufa, kila mtoto alipozaliwa akaongeza. Upande wa hori ni ya baba yao."

Diwani akakata shauri pale pale. Kutoka njiani mpaka kichuguu ni ya mayatima. Upande wa hori, ya babu yao, wagawane na ami yao. Nilitaka kunung'unika, maana ya upande wa hori ilizaa zaidi, na nilinung'unika kidogo, sikuumbwa kimya. Akaniambia, "Dada, umenilaza hapa, usinikoseshe usingizi." Nikanyamaza.

Jua lilikuwa kali, akasema ana kiu. Shemeji alikuwa amesimama kando, uso umemshuka, panga lake mkononi. Akautazama mnazi uliokuwa karibu, ule uliopinda, wenye madafu mengi. Mwaka mzima alikuwa akiupanda kama ngazi ya nyumba yake. Safari hii aliweka mguu mmoja kwenye shina, akauondoa, akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "nimwangulie bwana?"

Nilimwacha asimame pale kidogo.

"Mwangulie," nikasema. "Na mama mkwe naye. Na wewe unywe lako, jua kali."