Tundu Aliloliziba Dada Tsermaa

Saa nne asubuhi, jua limetoka, lakini ni la mapambo tu. Baridi imefika nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri. Katika soko la spea la Ulan Bator, mji mkuu wa Mongolia, Tsermaa Damdin, mwenye miaka 54, ameinama chini ya boneti ya gari la mteja, akipima injini kwa utepe kama fundi anayempima bwana harusi suti.

"Dada, waliniuzia gari hili wakisema ni haibridi, lina betri kubwa inayosaidia injini, petroli linaonja tu," analalamika mteja, dereva wa teksi. "Sasa linakunywa kama ngamia! Lita tano kwa kilomita mia zimekuwa tisa."

"Ungelala nje uchi na wewe ungekunywa, mdogo wangu," anamjibu. "Injini ikiwa baridi haikubali kuzima hata ukisimama kwenye taa. Inaunguruma ili ijipashe moto. Ivishe, itatulia, betri nayo ifanye kazi yake."

Riziki yake ndiyo hiyo: blanketi la sufu ya kondoo juu ya injini, kipande cha boksi mbele ya rejeta, na maneno makali kwa wanaosahau upepo wa tairi. Blanketi moja anauza tugrik 45,000. Wateja wanasema linawaokolea karibu lita mbili kila kilomita mia.

Lakini kabla ya kushika sindano, Tsermaa hufungua mlango wa nyuma na kupapasa tundu dogo lililo kando ya kiti. Akikuta koti au mzigo umeliziba, hugomba mpaka soko zima lisikie.

Tundu hilo ndilo linalomnyima raha.

Miaka minne iliyopita alimshonea mdogo wake Galsan, naye dereva wa teksi, blanketi la kiti cha nyuma, na tundu akaliziba kwa sufu.

"Nilijiona mjanja. Nikamwambia, injini tumeifunika, betri nayo ina kosa gani? Kumbe betri inapumulia pale! Hata kwenye baridi, ikifanya kazi inapata moto, lazima ivute hewa ya kuipoza. Sikuuliza fundi hata mmoja."

Galsan alikuwa akipanda mlima na abiria na mizigo tele. Betri ikapata moto kupita kiasi, gari likazima. Alitembea saa mbili kutafuta msaada. Abiria walipona. Yeye baridi ilimgandisha mkono wa kulia, akakatwa vidole vinne, na udereva ukaishia hapo.

Tsermaa alikuwa ameshauza mablanketi kumi na moja ya aina hiyo. Alizunguka maegesho wiki tatu akiyachana mwenyewe. "Yote niliyapata. La Galsan tu ndilo nililolichelewa."

Siku ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa Wamongolia, mdogo huenda kwa mkubwa na kumshika viwiko kutokea chini, kumwamkia kwa heshima. Tangu ajali ile, Galsan hajakanyaga kwa dada yake.

Mwandishi wa makala haya alimpigia Galsan simu. "Mwambie vidole havijaota," akasema, akacheka kidogo, akakata.

Tsermaa anapoelezwa, machozi yanamtoka hapohapo. "Amecheka? Kweli amecheka?"

Zimebaki siku kumi na tisa Mwezi Mweupe ufike. Mwaka huu hatamngojea.

"Watasema nimerukwa na akili, mkubwa kumwendea mdogo. Waseme. Nitaweka mikono yangu chini ya yake, mimi ndiye niwe mdogo. Akinifungulia mlango."