Samaki Wenye Masikio

Mpaka nimeota ndevu, niliamini kwamba samaki aliyekufa bado anasikia. Akisikia watu wakibishania bei yake hukasirika, na hasira hiyo ndiyo humwozesha. Cheka tu, nimezoea. Ila mimi hata leo nikinusa blanketi lenye unyevu, hubana pua nisipige chafya.

Habari hiyo tuliipata Muhuru, ufukweni mwa ziwa. Uhuru ulikuwa bado mbichi na baba alikuwa ametuacha msimu uliotangulia. Mama alizaliwa bonde la Lambwe kwa wakulima. Samaki alimjua akiwa kwenye sahani tu. Sasa alitaka kuchuuza ngege, samaki wa ziwani, katika soko la Migori.

"Nyar Lambwe," yaani binti wa Lambwe, mchuuzi mmoja alimwambia, uso mkavu kama jiwe, "wafunike masikio, la sivyo utafikisha harufu."

Wanawake wengine waliinamia vikapu vyao, mabega yakitikisika. Mama hakuona. Alikwenda kuleta blanketi la baba, jeusi, zito kuliko paa la kanisa, likiwa bado na joto la usingizi wetu, akawaviringisha ngege humo kama watoto wachanga.

Wenzetu waliwafunika wao kwa mafunjo yaliyolowa, wakinyunyiza maji njia nzima huku wakipiga domo. Tuliwahurumia sana. Samaki wao walikuwa wakisikia kila kitu.

Safari ya kwanza ngege wetu walioza. Ya pili vilevile. Asubuhi ya safari ya tatu mama alinishika kidevu. "Leo wakioza, utakwenda kwa mjomba wako Lambwe. Mimi nitabaki na mdogo wako anayenyonya. Wawili siwawezi."

Nilifunga mdomo hadi meno yakauma. Mzigo ulikaa juu ya basi, chini ya jua ambalo lingekaanga yai kwenye kofia ya askari. Tulipoushusha sokoni, vumbi liliniingia puani nikapiga chafya moja, kubwa, nadhani hata Kisii waliisikia.

Mama alifungua blanketi. Mvuke ulitoka kwanza, kisha uvundo. Inzi walifika kama walioalikwa.

"Ulisema nini, nyathina, mwanangu?"

"Sikusema, Mama. Nilipiga chafya tu."

Alilikunja blanketi polepole. "Basi wamesikia."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alinipeleka Lambwe, nikakulia nyuma ya mikia ya ng'ombe, nikiumwa na mbung'o wakubwa kama shomoro. Kila mama alipokuja kunitazama, alinitazama kama mtu aliyekwisha kumsamehe mwizi. Nami nilijiona mwizi hasa. Huko sikuthubutu kunena mbele ya chungu cha maziwa, yasije nayo yakasikia yakaharibika. Mama alikufa nikiwa bado kwa mjomba, na hatukuwahi kulizungumza tena.

Nikiwa mtu mzima nilijiunga na shule ya jioni Migori. Mwalimu, kijana mdogo, alikuwa akieleza kwa nini sukari huyeyuka upesi katika chai ya moto. Sijui nini kilinipata, nikanyoosha mkono na kusimulia yote. Darasa lilicheka hadi taa ikataka kuzimika. Yeye hakucheka.

"Samaki aliyekufa hasikii, mzee," alisema. "Joto huharakisha kuoza, na blanketi lililifungia ndani. Wale wenzenu, maji yalipokauka juu ya mafunjo yaliwapoza samaki wao. Hata ungeimba njia nzima, kusingebadilika kitu."