Siku ya Jaji Iliyosogezwa

Ukoo wa Maudie Yarrick ulikuwa mahakamani tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ukidai haki ya wenyeji wa asili juu ya ardhi yao ya mtoni. Mwishowe serikali ikakubali, na jaji akapanga kuja kutamka hukumu pale pale ukingoni mwa mto. Kaka yake Clarrie, mchunga ng'ombe mstaafu, mapafu yamekwisha kwa vumbi, alitaka kitu kimoja tu: asikie kwa masikio yake.

Ndipo Ross Tindall, mwenye ranchi ya hapo, akaomba naye aingizwe kwenye kesi.

"Siku zote hizi alikuwa wapi?" Maudie alimuuliza wakili kwenye simu.

"Alidhani kesi itajifia yenyewe, shangazi. Sasa anahofia mtamnyang'anya kisima chake. Jaji lazima amsikilize kwanza. Siku imesogezwa."

Clarrie alicheka mpaka akakohoa. "Ross huyo. Nilimfundisha kupanda farasi mimi. Hata kuanguka alichelewa, farasi keshasimama ndiyo yeye anadondoka."

"Unacheka nini, mzee? Anakula siku zako."

"Mwache, dada. Ana hofu tu."

Jaji alimkatalia Ross: amechelewa mno, na kisima chake hakikuguswa na mtu. Lakini Clarrie alikuwa ameshazikwa. Maudie alihama nyumba waliyoishi, akafukiza moshi vyumbani, na tangu hapo jina la kaka yake halikutajwa tena na mtu, kama ilivyo desturi kwao kwa aliyefariki karibuni.

Siku ya hukumu Ross alikuja, kofia mkononi.

"Pole, shangazi, kwa yule bwana."

Hakutaja jina. Amelelewa na wachunga ng'ombe wa ukoo huo, anajua. Maudie alitamani angekosea, apate pa kumkasirikia.

"Ungekuja kuuliza jikoni kwangu," alisema. "Tungekwambia kisima ni chako. Chai ungekunywa pia."



Jaji akatamka. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Maudie akateremka majini peke yake, akatupa mchanga mtoni kama wanavyowasalimu wazee waliolala humo, akawaita mmoja mmoja kwa lugha yao, awape habari: babu, bibi, mama, wa zamani ambao majina yao yamekwisha kufunguliwa yatajwe tena.

Kisha akanyamaza. Wa kuambiwa hasa alikuwa mmoja, na huyo hakuruhusiwa kumwita.