Roda Iliyonyamaza

Kwiii, kwii, kwiii. Hadi leo baiskeli iliyokauka mafuta ikipita, nageuka nikidhani ni roda ya kisima chetu, lile gurudumu la kupitishia kamba ya ndoo, kule karibu na Isikizya.

Kiangazi kile maji yalikimbia, baba akashuka mita kumi na mbili kuyafuata. Mimi na mama tulikuwa juu, tunavuta ndoo za tope. Kila nilipochungulia nilimwona baba amekuwa mdogo kama kifaranga. Mama naye viganja vilikuwa vimeota malengelenge. Nikasema moyoni, huyu lazima nimpunguzie mzigo.

Shule yangu iliishia kidato cha pili, ila hesabu za mashine rahisi nilizipenda mno. Nilikuwa naota nitakuja kutengeneza mitambo. Kazi ni kani mara umbali. Nikaazima mizani ya kuning'iniza ambayo mjomba hupimia asali. Ndoo ya tope ilikuwa kilo ishirini. Nilipofunga mizani kwenye kamba na kuvuta polepole, ikasoma ishirini na sita. Nikaandika kwa mkaa ukutani jikoni: kilo moja ni kani 10, basi kani 200 mara mita 12, kazi jouli 2,400. Lakini sisi tulikuwa tunavuta 260 mara 12, yaani 3,120. Jouli 720 zinaliwa na msuguano, kila ndoo.

"Nani anazila?" mama akauliza.

"Roda, mama. Ndiyo maana inalia."

"Inakula na bado inalia. Kama wewe ulipokuwa mdogo."

Mchana baba alipopanda kula, nikapaka ekseli ya roda, ule mhimili inaozungukia, nta ya nyuki niliyoiyeyusha kwenye mafuta ya alizeti. Sikumwambia mtu. Baba akarudi chini, nasi tukamteremshia ndoo yenye sururu. Kamba ikateleza laini, kimya, mpaka mama akatabasamu. Kisha kishindo. Kisha hakuna kitu.

"Baba?"

Mama akalala kifudifudi ukingoni, akamwita kwa jina la ujana wake, jina ambalo sikuwahi kulisikia.

Ndipo sauti ikapanda. "Nani kainyamazisha roda?"

Sururu ilikuwa imempiga begani. Alipanda kwa mkono mmoja, tukimvuta kwa kamba. Jikoni, mama akimkanda kwa maji ya moto, ndipo nilipojua jambo ambalo kila mchimbaji wa kwetu analijua: aliye chini hainui kichwa. Roda ikilia, anajua ndoo inashuka, anajibana ukutani. Isipolia, anachimba.

"Kwani mlidhani navumilia kelele zile kwa kupenda ngoma?" baba akauliza.

Sikusema ni mimi. Mama akaitazama hesabu yangu ukutani, akaendelea kumkanda baba.

Asubuhi, wao wakiwa bado ndani, nilikwenda kisimani na jivu la jikoni. Nikaifuta nta kwa kitambaa, nikasugua jivu kwenye ekseli, nikavuta. Kimya. Nikasugua tena, nikavuta kamba tupu, nikavuta tena, hadi ikalia.